Siku Nguo Yangu Ilipomponza Kibet

Acha niseme kabla mtu mwingine hajawaambia kwa ubaya: ni mimi. Yule msichana aliyepasukiwa na nguo akiwa amefunikwa leso mbele ya wazee wa pande mbili, huko nyumbani kwa Shosho, nyanya yetu, Plateau, na ambaye habari zake zilifika mjini Eldoret kabla yeye mwenyewe hajafika, ni mimi, Wambui, mwenye digrii ya takwimu na cherehani ya mama yake. Nimesikia watu wakisimulia hiki kisa kwa namna nyingine (kuna anayesema nilizirai, na kuna anayesema nilikimbilia shamba la mahindi nikajificha hadi jioni) na wote wanadanganya. Ukweli ni mbaya zaidi ya hapo, halafu pia ni mzuri zaidi, ndiyo sababu nimeamua kuusema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Dada yangu Nyambura ndiye aliyekuwa anaolewa. Mchumba wake anaitwa Kibet, kijana wa Soy, kwao wanalima mahindi na ngano, na ni mpole kiasi kwamba akikukanyaga mguu wewe ndiye utakayeanza kumbembeleza. Sisi ni Wakikuyu wa hapa hapa. Shosho alifika Plateau akiwa msichana na hajawahi kutaka kwenda kwingine. Mama alimpenda Kibet tangu siku ya kwanza. Aliyebaki ni Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye angekaa kwenye kiti cha baba siku ya ruracio, siku ambayo upande wa kijana unakuja kwenu rasmi kuomba mke. Baba Mkubwa hakuwahi kusema hamtaki Kibet. Alikuwa tu anapuliza chai yake na kusema, "Ni kijana mzuri. Lakini anamjua Nyambura kweli, ama anajua tu kucheka naye?" Ukijaribu kumjibu anasema, "Tutaona kwenye leso."

Kwenye leso ni hivi. Siku ya ruracio, wasichana kadhaa wa rika moja hufunikwa leso kutoka kichwani mpaka miguuni, bibi harusi akiwa katikati yao, halafu bwana harusi anaambiwa atafute wake. Watu wengi huuchukulia kama mchezo, na ni mchezo kweli, ila Baba Mkubwa alikuwa ameugeuza mtihani wa taifa. Nyambura alijua. Ndiyo maana aliniambia jioni moja tukiosha vyombo kwetu mtaani West Indies, Eldoret, "Nikiwa chini ya ile leso nataka wewe uwe kando yangu. Nikusikie ukipumua. Wengine wasimame popote."

Sasa ningekataaje?

Wasichana wote walikuwa wavae nguo moja, gauni la rangi ya maroon kutoka duka fulani pale mjini, limebana kifuani, limeingia kiunoni, halafu linamwagika kuanzia magotini kama maji ya mfereji. Niliingia na Nyambura kulipima. Yule dada wa duka aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akarudi juu tena, akasema, "Madam, kubwa kabisa ni hii." Nikaenda nayo nyuma ya pazia (pazia lenyewe halikufika chini, kwa hiyo watu waliokuwa wakichagua viatu waliiona miguu yangu ikihangaika), nikaivuta kichwani, ikafika mabegani ikasimama kama ng'ombe aliyefika josho akakataa kuingia. Nilikwama humo mikono ikiwa juu. Nyambura alikuja akaivuta, ikanyooka, ikanyooka tena, ikaniachia, na ikarudi kuwa nguo kama hakuna lililotokea. Ningekuwa na akili siku hiyo ningejiuliza kwa nini haikupasuka. Sikujiuliza. Nilikuwa nikimsikiliza yule dada, ambaye alikuwa anamwambia Nyambura kwa sauti ya huruma, "Mwambie aangalie upande wa nguo za wenye mimba, hizo huwa na nafasi."

Nyambura alikasirika hata nikaogopa. "Basi tunatafuta nguo nyingine. Wote. Yenye itamtosha kila mtu."

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioleta haya yote. Mimi, ambaye nikitumwa dukani hufikiria mkate wa kukatwa na usiokatwa mpaka foleni ya nyuma yangu ilalamike, mimi nilijibu hapo hapo bila kufikiri: "Usibadilishe chochote kwa sababu yangu. Nitajishonea."

Mama aliposikia alisema jambo la maana sana, "Peleka kwa fundi." Lakini fundi wetu ana tabia moja. Anakupima kwa ule utepe wake huku akimtangazia vipimo mwenzake aliye ng'ambo ya barabara, kwa sauti ya mtu anayeita abiria. Kifua! Kiuno! Nyonga! Mara ya mwisho aliposema nyonga yangu, mama mmoja aliyekuwa anapanga nyanya aligeuka kuangalia ni nani. Nikamwambia Mama hapana, nitashona mwenyewe, si ulinifundisha kushona nikiwa darasa la sita? Mama akaitoa televisheni juu ya cherehani (ndiko ilikokuwa ikikaa), akapangusa vumbi, akaniangalia vile ananiangaliaga nikisema nimepata kazi na bado sijaitwa mahojiano.

Niliazima gauni la binamu yangu, nikaligeuza ndani nje, nikalitandaza kwenye magazeti na kulichora pembeni kwa kalamu. Kisha nikaanza kuongeza, na nilifikiri kweli kweli. Nikiongeza kidogo litanibana. Nikiongeza sana nitakuwa hema, wageni wataingia kutafuta kivuli. Nikiongeza sawasawa kila upande, kiuno kitashuka kifike nyongani. Nilipiga hesabu za uwiano, nikazirudia, nikaota nazo. Nilitengeneza mfano wa karatasi na kuuvaa, nikakaa sebuleni nikiwa nimejizungushia habari za siasa na matangazo ya mbolea.

Halafu kitambaa. Mwenye duka aliniwekea viwili vya maroon juu ya meza na kuuliza, "Unataka yenye inavutika ama ya kawaida?" Ndugu zangu, niliuchukua muda wangu wote pale. Nilivipeleka vyote viwili nje kwenye jua, nikavirudisha ndani, nikavilinganisha na kipande cha pindo la lile gauni la duka. Kile kinachovutika kilikuwa kimeelekea wekundu kidogo. Kile cha kawaida kilikuwa rangi ile ile, hakuna mtu angeona tofauti. Nikachukua cha kawaida. Wasiwasi wangu wote duniani niliuweka kwenye rangi, na suala la kuvutika sikulifikiria hata dakika moja. Kwa hiyo nikalishona gauni ambalo katika duka lilikuwa linaishi kwa kuvutika, nikalishona kwa kitambaa kigumu kama shati la askari, na lilipokataa kuingia kichwani nikaona ni kosa dogo tu la kiufundi, nikaliwekea zipu ubavuni. La duka halikuwa na zipu. Hilo nalo sikujiuliza.

Bitana niliitoa kwenye shuka langu la utotoni, lile la vifaranga vya bata vya manjano. Nilijiambia, nani ataona bitana?

Lakini lazima niseme pia jinsi lilivyopendeza. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati la Mama, nimeshika pumzi, mikono chini, na kwa mara ya kwanza nikaona nguo ya duka ikiwa na mimi ndani yake. Si nguo ya kuficha, si sweta la juu, si ile "kitu huru" ambayo watu wananichagulia. Ni ile ile waliyovaa wenzangu. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akasema, "Geuka." Nikageuka. "Umependeza, mtoto wangu. Sasa kaa."

"Litakunjamana, Mama."

"Basi inua mikono."

"Mama, kwani nimeshikwa na polisi?"

Akacheka, nami nikacheka, kidogo tu kwa sababu sikuwa na nafasi ya kucheka sana, na tukaliacha hapo.

Siku yenyewe nilisafiri kiti cha nyuma cha pikapu ya Baba Mkubwa nikiwa nimelala mshazari kama ubao wa kupigia pasi. Waliponiuliza nikasema mgongo unauma. Nyumbani kwa Shosho nilisimama. Chai ilipokuja nilisimama. Mukimo, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa, ulipokuja nilisimama na nikakataa (mimi! mukimo wa Shosho!), na hapo ndipo watu wangejua kuna jambo, lakini wote walikuwa langoni wakiwazuia wageni wa Soy kwa nyimbo, kama ilivyo desturi, na wageni nao walikuwa wakijibu. Aliyewaongoza alikuwa shangazi yake Kibet, Mama Jerono, mwanamke mwenye mwili kama wangu na sauti kubwa kuliko mwili, ambaye alikuwa amejifunza wimbo wetu wa langoni kutoka kwenye rekodi ya simu. Maneno alikuwa akiyakosea vizuri sana. Akina mama wetu walicheka mpaka wakafungua lango mapema.

Baadaye tukaitwa chumbani kwa Shosho kufunikwa. Aliyesimamia ni Tata Njeri, dada yake Mama, ambaye huendesha sherehe kama mwalimu wa zamu. Alituvua viatu vyote na kutuvisha patipati za bluu, sote sawa, ili Kibet asitambue miguu. Akatufunika leso moja moja. Alipofika kwangu akanipiga begani kwa upendo: "Na wewe Wambui, hata nikikufunika na turubai la kanisa watakujua. Wewe simama tu, kazi yako ni kupendeza." Chumba kizima kilicheka, hata mimi, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu ni Tata.

Tulitoka nje kwa nyimbo, tukapangwa mstari mmoja, migongo ikielekea ukuta wa nyumba na nyuso zikielekea mahema mawili, la kwetu na la watu wa Soy. Nyambura alikuwa mkono wangu wa kulia. Nilimsikia akipumua. Kisha Tata akaona tatizo. Nyambura ni mfupi kuliko sisi wote.

"Inameni!" akanong'ona kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika hadi jikoni. "Bibi harusi ni mfupi na nyinyi mmesimama kama milingoti ya stima. Kunjeni magoti! Inameni!"

Aliniambia nisimame tu, nakumbuka vizuri. Lakini nikawaza: kama wote wameinama na mimi peke yangu nimesimama, si nitaonekana kama kituo cha basi? Na je, Kibet akijua mimi ni mimi, na anajua Nyambura hawezi kuwa mbali na mimi, si nitakuwa nimemwonyesha? Na je, Baba Mkubwa akisema tulimsaidia? Nikainama.

Ililia. Sijui niwaeleze vipi ile sauti. Si sauti ya kitambaa kuchanika, ni kama mtu alikuwa anafungua pakiti kubwa ya njugu polepole kanisani. Ilianzia chini ya mgongo, ikapanda. Nikajinyoosha kwa hofu, na kule kujinyoosha kukaimaliza zipu. Ikaachia kutoka kwapani mpaka nyongani, yote, kwa mara moja.

"Wambui," Nyambura akanong'ona chini ya leso yake, "ni nini hiyo imelia?"

"Nguo."

"Wapi?"

"Kote."

Kisha nikaona leso yake ikianza kutetemeka, na nikajua anacheka, na nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Wakati huo Baba Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya wageni, kofia mkononi. "Kijana," akamwambia Kibet, "macho unayo. Hutawasemesha. Hutamfunua yeyote. Utapita mbele yao, na utakayemshika, huyo ndiye umemchagua. Ukikosea, utafunga leso kiunoni ucheze mbele ya hawa akina mama mpaka wenyewe waseme imetosha." Akina mama wakapiga vigelegele. Yeye hakutabasamu. "Na mimi nitakuwa nimejua nilichotaka kujua."

Kibet akaanza kupita. Kupitia leso ile nyembamba nilimwona kama mtu aliye nyuma ya moshi, amevaa koti la kaki, anatembea polepole. Marafiki zake wa Soy walikuwa wakipiga kelele, "Angalia vidole! Angalia vidole!" Mimi nilikuwa nimepeleka mikono yote miwili nyuma, nimeshika nusu mbili za gauni langu, moja kila mkono, kama mtu anayezuia mlango wakati wa upepo. Na upepo nao ukaja. Ule wa mchana wa Plateau, unaotangulia mvua, unaogeuza sufuria zilizoanikwa. Leso yangu ikaanza kuteleza. Sikuwa na mkono wa kuishika. Nikiuachilia upande mmoja, nguo inaanguka. Nisipouachilia, leso inaanguka na nguo inaonekana. Nilikuwa bado nafanya hesabu hiyo wakati Kibet alipofika mbele yangu.

Alinipita, bila shaka. Kila mtu alijua mimi ni mimi. Mkono wake ulikuwa tayari umeanza kuelekea kwa Nyambura, niliuona kwa macho yangu. Ndipo leso yangu ikashuka hadi begani, ubavu wote ukabaki wazi, na vifaranga vya bata vya manjano vikatoka kuangalia ruracio.

Kibet aliona. Hakufikiri (mimi ningefikiri, ningesimama pale nikipima faida na hasara mpaka nguo yote ifike chini). Aligeuka, akaingia kati yangu na mahema, akaikamata ile leso kwa mikono miwili na kuipandisha kichwani mwangu, akaikaza shingoni. Vizuri kabisa. Kama unavyomfunika mtoto.

"Amemshika!" Tata Njeri akapasua hewa. "Amemshika huyo! Amechagua!"

Vigelegele, vicheko, mtu akagonga sinia. Upande wetu uliinuka wote. Upande wa Soy ulibaki umekaa. Na Baba Mkubwa akasogea karibu, polepole, akauliza, "Kijana, huyu ndiye?"

Nilimsikia Kibet akivuta pumzi. Angesema tu. Sentensi moja, "Nguo yake imepasuka," na angekuwa huru. Alisema, "Nimemshika yeye, Mzee. Nimekosa."

"Mmekuwa pamoja miaka yote hii," Baba Mkubwa akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo, "na huwezi kumtofautisha bibi yako na dada yake? Hawa ambao hata kipofu angewatofautisha?"

"Nimekosa, Mzee."

Mtu akamletea leso ya kufunga kiunoni. Nami nilikuwa pale ndani ya leso yangu, salama, nimefunikwa vizuri, hakuna aliyejua. Nikawaza nyamaza, Wambui, atacheza na yataisha. Nikawaza hayataisha, kwa sababu Baba Mkubwa hasahau, na kila Krismasi atapuliza chai na kusema ni kijana mzuri lakini. Nikawaza nikisema, watanicheka mpaka nizeeke. Nikawaza Nyambura, ambaye leso yake haikuwa ikitetemeka tena. Kwa kawaida mawazo yangu yakifika hapo huwa yanarudi mwanzo na kuanza kuzunguka upya. Siku hiyo mdomo uliyatangulia.

"Hakunichagua!"

Kelele zikapungua. Nikauchomoa uso wangu kwenye leso, mikono bado nyuma.

"Baba Mkubwa, hakunichagua. Alikuwa anaenda kwa Nyambura. Nguo yangu imepasuka. Nilijishonea mwenyewe kwa sababu dukani hawana saizi yangu, na imepasuka kutoka hapa mpaka hapa," (sikuweza kuonyesha, mikono ilikuwa na kazi) "na leso ilikuwa inaanguka, na yeye alikuwa ananifunika. Basi. Ni hivyo tu. Ndani kuna bata."

Sijui kwa nini niliongeza habari za bata.

Hata moto wa jikoni niliusikia. Kisha kutoka hema la Soy ikatoka sauti kubwa, "Woi, mtoto wangu!" na Mama Jerono akaja mbio, kanga yake akiifungua njiani. "Hata mimi ilinipata! Kanisani! Nikienda kutoa sadaka! Nilirudi kinyumenyume mpaka kitini!" Akanizungushia kanga. Kabla hajamaliza Mama alikuwa amefika na leso yake, na Tata Njeri na yake, na wanawake ambao hata siwajui, wa kwetu na wa kwao, wakanizunguka kama ukuta, huku wanacheka, huku wanafunga mafundo, na kila mmoja akinisimulia, kwa sauti, ni wapi na yeye ilimpasukia. Sikuwahi kujua. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Shosho alisukuma watu kwa mkongojo wake mpaka akanifikia, akaivua leso yake ya juu, ile ya sherehe, akanifunga kiunoni mwenyewe.

Nje ya ukuta ule nikamsikia Baba Mkubwa. "Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Mzee?" Kibet akajibu. "Nguo si yangu."

Baba Mkubwa akauliza tena, "Na bibi yako ni yupi?"

"Huyu." Hakusita hata kidogo. "Wote walikuwa wamekunja magoti mawili. Yeye alikuwa wima, amekunja moja tu kulipumzisha. La kushoto linamuuma tangu alipoanguka kwenye voliboli akiwa shule, lakini hapendi watu wajue."

Mimi nilijua habari za lile goti, na Mama alijua. Baba Mkubwa hakuwa anajua. Nilichungulia kati ya mabega ya akina mama. Alimwangalia Nyambura, ambaye alikuwa amejifunua mwenyewe bila ruhusa ya mtu na machozi yanamtoka, akaliangalia goti, akavaa kofia yake. Kisha akasema, "Faini haifutwi. Ameshika, atacheza. Lakini hawezi kuadhibiwa peke yake. Atacheza na aliyeshona."

Kwa hiyo tulicheza. Kibet na leso moja kiunoni, mimi na leso sijui ngapi kila mahali, mviringo kama kabichi, mbele ya wazee wa pande mbili na wapiga picha wote wa simu. Akina mama walikataa kabisa kusema imetosha. Mama Jerono aliimba ule wimbo wa langoni tena, akakosea tena, na safari hii hata Baba Mkubwa alimrekebisha neno moja, kisha akajikuta anaimba. Mvua ilipokuja ndipo tukaachiliwa, na nikakaa chini, ndugu zangu, nikakaa kwenye kiti kama binadamu, na Shosho akaniletea mukimo.

Lile gauni sikulitupa. Nililifumua mgongo na mbavu, nikamwomba Shosho ile leso yake, nikakata vipande virefu na kuviingiza pale palipopasuka, kutoka kwapani hadi chini. Likanikaa. Nililivaa siku tulipoenda Soy kuwatembelea, na Mama Jerono, baada ya kunijazia maziwa ya kibuyu mara nyingi ambazo sikuweza kukataa, alinigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii mistari ya leso ni urembo ama ni kidonda?"

"Ni kidonda, Mama."

"Basi na mimi nishonee, uniwekee kidonda pande zote mbili. Nataka nikae, nile, niimbe." Akainama sikioni mwangu. "Na bata usisahau."

Ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa kazi tangu nimalize chuo. Sasa wapo wengine, wanawake ambao dukani waliambiwa kubwa kabisa ni hii. Kila mmoja nampima kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, na nimeapa kwamba hakuna nguo itakayotoka kwa cherehani ya Mama kabla aliyeivaa hajakaa, hajainua mikono, na hajainama kama mtu anayejificha chini ya leso. Kitambaa nakivuta kwanza kabla sijakiangalia rangi. Bado nina wasiwasi na kila kitu, hilo halijapona, lakini kushukuru pia nimejifunza, na kunachukua nafasi.

Jioni ile ya Soy, tulipokuwa tunaondoka, Kibet alisimama langoni akituaga kwa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwangu akaunyoosha, kisha akaurudisha haraka nyuma ya mgongo.

"Shemeji, nikikushika si nitacheza tena?"

Nilisikia mtu akikohoa nyuma yangu. Alikuwa Baba Mkubwa, kofia mkononi.

"Mshike tu, mwanangu," akasema. "Hiyo faini ulishamaliza."

Nikamkumbatia shemeji yangu, mikono yote miwili juu, juu kabisa. Nikasikiliza. Hakuna kilicholia.